Hofu ya Kongo, Hazina ya Nairobi na Deni la Nyansiongo

Mwaka 1960 Koloni ya Kenya iliishi kwa biashara. Hazina yake ilikusanya zaidi ya pauni milioni 30 kwa mwaka kwa ajili ya matumizi ya kawaida, na fungu kubwa kuliko yote lilitoka forodhani Mombasa, pamoja na ushuru wa bia, sigara na sukari. Kodi ya mapato ilifuata, nayo ililipwa na makampuni na watu wachache wenye mishahara minono. Kodi ya kichwa, ile iliyowafanya wazee wa Gusii wauze ng'ombe na vijana wao wakatafute vibarua Kericho na Nairobi, ilikuwa mzigo mzito kwa mlipaji lakini haikuonekana sana kwenye vitabu vya Hazina.

Koloni hii haikuwa na shaba ya Katanga wala almasi ya Mwadui. Mtaji wake ulikuwa mahali ilipokaa: bandari, reli iliyopanda mpaka Uganda, mabenki, makampuni ya bima, na viwanda ambavyo bidhaa zake zilijaa maduka ya Kampala na Dar es Salaam. Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa na soko moja na sarafu moja, na ndani ya soko hilo Kenya iliwauzia majirani zake zaidi kuliko ilivyonunua kwao. Mizigo ya mashariki mwa Kongo nayo ilipitia kwa sehemu njia hiyohiyo ya Mombasa. Upande wa mazao, kahawa, chai, katani na pareto iliyokwenda ng'ambo ilitoka zaidi kwenye mashamba makubwa ya walowezi na makampuni. Sensa ya 1962 ilihesabu watu 8,636,263 nchini, na kati yao Wazungu walikuwa 55,759 tu. Kundi hilo dogo, pamoja na wafanyabiashara wa Kihindi, ndilo lililoshika fedha ambazo Hazina ilizitegemea. Wao wakitulia, makusanyo yalikuja yenyewe. Wakishtuka, waziri wa fedha hakuwa na pa kukimbilia.

Hakuwa na pa kukimbilia kwa sababu koloni haikuwa na benki kuu. Noti na sarafu zilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake yalihamishwa kutoka London hadi Nairobi mwaka huohuo wa 1960. Kanuni ya bodi ilikuwa nyepesi kueleweka: mwenye shilingi 20 alizipeleka akapewa pauni moja London, na mwenye pauni London alipata shilingi 20 Nairobi. Tangu 1955 bodi iliruhusiwa kushika kiasi fulani cha dhamana za serikali za Afrika Mashariki zenyewe, lakini kiasi hicho kilikuwa na kikomo. Maana yake ni kwamba mlowezi aliyeuza gari na samani zake akahamishia fedha Uingereza hakuzuiwa na mtu, kwa kuwa Kenya ilikuwa ndani ya eneo la pauni na fedha zilipita humo bila kibali. Kila pauni iliyoondoka ilipunguza shilingi zilizozunguka nchini. Biashara ilipungua, bidhaa kutoka nje zikapungua, na ushuru wa forodha ukafuata. Serikali inayojichapia noti huweza kuficha upungufu kwa muda, ingawa mwishowe bei hupanda. Koloni haikuwa hata na nafasi hiyo ya kujidanganya.

Tena, Hazina ilifika 1960 ikiwa imechoka. Hali ya Hatari, iliyotangazwa na Gavana Evelyn Baring tarehe 20 Oktoba 1952 kupambana na Mau Mau, iligharimu takriban pauni milioni 55 kufikia mwisho wake. Sehemu kubwa ya gharama hiyo ilibebwa na Uingereza kwa ruzuku na mikopo. Nyingine ilikamuliwa nchini, ikiwemo kodi ya nyongeza ya shilingi 20 waliyotozwa Wakikuyu, Waembu na Wameru, ambao kwa hiyo walilipia vita vilivyopiganwa dhidi yao. Waziri wa fedha wa miaka hiyo, Ernest Vasey, alisifiwa kwa kuziba mianya, na pengine alistahili sifa hizo. Hata hivyo alichokiacha kilikuwa bajeti iliyozoea kusubiri hundi ya London. Yeye mwenyewe alihamia Tanganyika akawa waziri wa fedha huko, na Nairobi nafasi yake ikachukuliwa na Kenneth MacKenzie.

Pigo la kwanza lilitoka kwenye mkutano wa Lancaster House, Januari na Februari 1960. Waziri wa Makoloni Iain Macleod alikubali Waafrika wawe na wingi wa viti katika Baraza la Kutunga Sheria, na kuanzia hapo kila mtu alijua kwamba uhuru unakuja na kwamba hautachukua miaka 20. Michael Blundell, mlowezi aliyekubali mpango huo, aliporudi Nairobi alitupiwa vipande 30 vya fedha miguuni kwenye uwanja wa ndege. Kisha, mwaka huohuo, sheria ya kuzifunga nyanda za juu kwa Wazungu peke yao ikaondolewa. Kwenye karatasi soko la ardhi lilifunguliwa kwa watu wa rangi zote. Kwa hakika lilikufa, kwa kuwa Mzungu hakutaka tena kununua na Mwafrika hakuwa na fedha.

Hofu ilikuwa bado ya maneno mpaka Kongo ilipolipuka. Kongo ya Wabelgiji ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku chache baadaye askari wa jeshi la kikoloni waliasi maofisa wao, tarehe 11 Julai Katanga ikajitangaza nchi, na Wabelgiji wakaanza kukimbia kwa maelfu. Waliokuwa upande wa mashariki walivuka mpaka kuingia Uganda na Ruanda-Urundi, na wengi wao wakaendelea hadi Nairobi wakitafuta ndege ya kwenda Ulaya. Familia za walowezi zilijitolea kuwapokea, kuwalisha na kuwalaza. Kwa Hazina ya Kenya, wiki hizo zilidhuru kuliko mkutano wowote wa London. Mlowezi aliyebishana miaka na miaka juu ya katiba sasa alikuwa amekaa meza moja na mkulima wa kahawa kutoka Kivu aliyefika na sanduku moja, na hakuhitaji kuambiwa zaidi.

Fedha zikaanza kutoka. Makadirio ya wakati huo yaliweka kiwango kwenye pauni milioni moja hivi kila mwezi, kiasi cha kutisha kwa nchi ambayo serikali yake yote ilitumia milioni tatu au nne hivi kwa kipindi hichohicho. Wenye akiba katika vyama vya kukopesha nyumba walikimbilia kuzitoa. Vyama hivyo vilikuwa vimekopesha kwa miaka mingi fedha ambazo mwenye akiba angeweza kuzidai kesho, na isingekuwa msaada wa shirika la Uingereza la maendeleo ya makoloni, CDC, baadhi vingefunga milango. Kutokana na mabaki ya mkasa huo ilizaliwa Housing Finance Company of Kenya mwaka 1965, ikimilikiwa na CDC pamoja na serikali. Nairobi, mji uliokuwa ukipanda maghorofa tangu vita kwisha, ulisimamisha ujenzi. Mafundi, wapakaji rangi na wapiga matofali, baadhi yao watu wa Nyanza waliokuja kushika nafasi za Wakikuyu waliofukuzwa mjini katika msako wa Aprili 1954, walikuwa wa kwanza kukosa kazi.

Mbingu nayo haikusaidia. Ukame wa 1960 na 1961 ulileta njaa sehemu nyingi, na mwishoni mwa 1961 mvua zikanyesha kupita kiasi, barabara na madaraja yakachukuliwa na maji, na Ziwa Victoria likapanda. Serikali ililazimika kununua mahindi ya msaada wakati ambapo mapato yake yalikuwa yakipungua. Juu ya hayo kulikuwa na gharama ambazo hutokea kila himaya inapofungasha: fidia na malipo ya uzeeni ya maofisa Waingereza, ambayo kwa sehemu Kenya ilikopeshwa ili iyalipe, gharama za uchaguzi, na baadaye gharama za kuunda serikali za majimbo. London ilirudi kuziba pengo la bajeti kwa ruzuku. Katika hali kama hiyo Hazina ilikuwa na hiari ndogo sana, na ni haki kuitambua kazi ya maofisa waliohakikisha mishahara ya walimu na polisi inalipwa kila mwezi, hata kama sera waliyoitumikia ina lawama zake.

Mahali pamoja Kenya ilitakiwa itoe badala ya kupokea. Uganda na Tanganyika zilikuwa zimelalamika kwa muda mrefu kwamba soko la pamoja linainufaisha Nairobi, kwa kuwa viwanda na makao makuu ya makampuni yako huko, na kodi zake hubaki huko. Tume iliyoongozwa na Jeremy Raisman ilichunguza malalamiko hayo na kutoa ripoti mwaka 1961. Dawa yake ilikuwa mfuko wa kugawana: asilimia 6 ya mapato ya forodha na ushuru wa bidhaa, na asilimia 40 ya kodi ya mapato ya makampuni ya viwanda na fedha, ziingie kwenye kapu moja. Nusu ya kapu ilikwenda kwenye huduma za pamoja za Afrika Mashariki na nusu ikagawanywa sawasawa kwa nchi tatu. Aliyetia zaidi ya alichochota alikuwa Kenya. Kwa wahasibu wa Nairobi ilionekana hasara katika mwaka mbaya. Lakini kuwapoteza wateja wa Kampala na Dar es Salaam wakati walowezi wanahamisha akiba zao kungekuwa hasara mara kumi, na bei ya kuwabakisha ilikuwa nafuu.

Mizizi ya hofu yenyewe ilikuwa kwenye ardhi, na ndipo Hazina ilipoelekeza nguvu. Nyanda zilizotengewa Wazungu zilikuwa kiasi cha ekari milioni 7 na nusu. Thamani ya mashamba hayo ilikuwa dhamana ya mikopo ya mabenki na ya mashirika ya kilimo, na bei yake iliposhuka hadi kukosa mnunuzi, si mlowezi peke yake aliyepoteza: aliyemkopesha naye alibaki na karatasi. Wakati huohuo maskwota na watu waliotoka vizuizini, wasio na ardhi, walikuwa wakisubiri uhuru ili wapate mashamba, na tetesi za viapo vipya vya namna ya Mau Mau katika Bonde la Ufa zilifika ofisini kwa gavana kila wiki. Suluhisho lililokubaliwa lilikuwa kumtafuta mnunuzi. Kwa kuwa hakuwepo, serikali ikajifanya mnunuzi kwa fedha za kuazima.

Mwaka 1961 mpango wa kwanza, wenye mikopo ya Benki ya Dunia na CDC, ulilenga familia elfu chache za wakulima wenye uzoefu na mtaji kidogo. Ulikuwa mdogo mno kwa hofu iliyokuwepo. Mwaka 1962 Uingereza ikakubali mpango mkubwa, uliojulikana kwa ukubwa wake wa ekari milioni moja, wa kununua kiasi cha ekari 200,000 kila mwaka kwa miaka mitano na kukalisha juu yake familia zipatazo 35,000. Mwenye shamba alilipwa kwa kipimo cha bei za 1959, yaani bei za kabla ya Lancaster na kabla ya Kongo. Theluthi moja ya bei ya ardhi Uingereza iliitoa kama ruzuku. Iliyobaki ilikuwa mkopo ambao Kenya ilipaswa kuurudisha, na ambao Kenya nayo iliugawa kwa wakulima wapya.

Hesabu hiyo yafaa isomwe polepole. Mwaka 1962 shamba la nyanda za juu sokoni lilikuwa halina bei inayojulikana. Mpango ulilirudishia bei ya 1959 kwa amri, mwenyewe akalipwa, na fedha nyingi zilizolipwa hazikukaa Kenya. Deni ndilo lililobaki nchini. Oginga Odinga na Bildad Kaggia waliuliza kwa nini Mwafrika anunue ardhi iliyochukuliwa kwake bila malipo, na swali lao halikupata jibu la kiuchumi. Jibu lililotolewa lilikuwa la kisiasa: walowezi wasipolipwa watakimbia kwa mkupuo mmoja kama Wabelgiji, na serikali ya uhuru itarithi forodha tupu. James Gichuru, aliyeshika wizara ya fedha katika serikali ya mseto ya 1962, alilikubali jibu hilo, na Jomo Kenyatta baada yake. Ukweli ni kwamba mkimbio wa namna ya Kongo haukutokea Kenya, wala bajeti haikuanguka. Kama ungetokea bila mpango huo hakuna awezaye kuthibitisha. Linaloweza kuonekana ni nani aliyeachiwa malipo.

Mmojawapo wa waliochukua mzigo huo ni mkulima wa Nyansiongo. Nyansiongo iko Borabu, katika Kaunti ya Nyamira ya leo, upande ambao nyanda za Gusii zinakutana na Sotik. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi hiyo ilikuwa ya walowezi, sehemu ya nyanda za Wazungu. Ng'ambo ya mpaka, Kisii ilikuwa imeanza kubanana: mashamba yaligawanywa baba kwa mwana mpaka yakawa vishamba, ingawa udongo ulikuwa mzuri na kahawa ilikuwa imelimwa huko tangu miaka ya 1930, Kisii ikiwa miongoni mwa wilaya za kwanza ambako Waafrika waliruhusiwa kuipanda. Mashamba ya walowezi yaliponunuliwa, yalipimwa upya yakawa skimu za makazi, na Nyansiongo ikawa moja ya skimu za Borabu walizopewa Wagusii. Upande wa pili wa mstari huo ni Wakipsigis wa Sotik, na mstari uliopimwa kwa kamba za wapima ardhi haukutuliza madai yote. Mwaka 1992 na tena mapema 2008 mpaka huo ulishuhudia nyumba zikichomwa na watu wakikimbia.

Mgeni anayetoka Keroka kwenda Sotik hutambua tofauti bila kuambiwa. Mashamba ya Borabu ni makubwa kuliko ya sehemu nyingine za Gusii, nyua zimepandwa kwa mstari, malisho yapo, na chai imefunika miteremko. Ukubwa huo ulipangwa ofisini. Katika skimu za watu wengi, kila kishamba kilikadiriwa kimwachie mkulima mapato ya pauni 25 hadi 70 kwa mwaka baada ya kula na baada ya kulipa deni. Maafisa walianza na pauni, wakapiga hesabu kurudi nyuma mpaka kwenye ekari, na ndiyo maana vipande vya udongo hafifu vilikuwa vikubwa kuliko vya udongo mzuri.

Mkulima aliyepewa kipande alikuwa na mikopo miwili. Wa kwanza ulikuwa wa ardhi, wa miaka 30 kwa riba ya asilimia 6 na nusu. Wa pili ulikuwa wa maendeleo, wa muda mfupi zaidi, na mara nyingi haukuja kama fedha mkononi: ulikuja kama ng'ombe wa gredi, waya wa seng'enge, miche ya pareto na mbolea. Kila skimu ilikuwa na chama cha ushirika, na maziwa na pareto ziliuzwa kupitia chama. Chama kilikata deni kwanza, kisha mkulima akapata masalio. Kwa mwenye ng'ombe wanne wa kukamua na mvua nzuri hesabu ilitoka. Ng'ombe mmoja akifa kwa ndigana, hesabu ya mwaka mzima iliharibika, kwa kuwa riba haikumjua ng'ombe aliyekufa. Karo ya shule nayo haikuwa kwenye makadirio ya wataalamu, lakini ndiyo iliyolipwa mwanzo katika kila nyumba. Haikuwa ajabu basi kwamba kabla ya miaka ya 1960 kwisha malimbikizo ya madeni ya skimu, nchi nzima, yalikuwa tatizo la kudumu mezani kwa Hazina. Skimu zilizokuwa na chai zilipata afueni zaidi, maana chai huleta fedha kila mwezi, na leo Nyansiongo ina kiwanda chake cha chai chini ya KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo.

Serikali ya uhuru, iliyoanza tarehe 12 Desemba 1963, ilijifunza kutokana na 1960 kwa njia yake. Januari 1964 yalifuatana Mapinduzi ya Zanzibar na maasi ya wanajeshi Tanganyika, Uganda na Lanet karibu na Nakuru, na hofu ya fedha kutoroka ikarudi. Safari hii nchi ilikuwa na mamlaka ya kufanya jambo. Mwaka 1965 udhibiti wa fedha za kigeni ulianza kuhusu hata fedha zinazokwenda nchi za pauni, mlango uleule uliokuwa wazi miaka mitano kabla. Mwaka 1966 Benki Kuu ya Kenya ikaanzishwa na shilingi ya Kenya ikatolewa, na Bodi ya Sarafu ikafika mwisho wa kazi.

Madeni ya ardhi hayakuguswa na mabadiliko hayo. Yalishikwa na Wadhamini wa Mfuko wa Makazi, na mkulima hakupewa hatimiliki mpaka amalize kulipa, kwa hiyo hakuweza kuweka shamba lake rehani benki wala kuliuza kwa uhuru. Mkopo uliotiwa saini mwaka 1964 ulikuwa na tarehe ya mwisho ya 1994.